Hitilafu za Umeme Zinazokuja na Kuondoka Katika Gari la Zamani: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Gari linalokataa kabisa kuwaka humpa fundi kazi nyepesi kuliko gari linalozima njiani, likakaa nusu saa, kisha likawaka kana kwamba halikuwa na neno. La kwanza linapimika papo hapo. La pili hufika mbele ya fundi likiwa limejirudi, na kila kipimo kinachochukuliwa wakati huo ni kipimo cha gari lisilo na tatizo. Ndiyo maana magari mengi ya zamani hubadilishiwa betri, alteneta, koili na hata kompyuta ya injini, kimoja baada ya kingine, ilhali hitilafu yenyewe inaendelea kuja na kuondoka ipendavyo.

Katika gari ambalo limefanya kazi miaka 20 au 30, chanzo cha hitilafu ya namna hii mara nyingi si kifaa bali ni kiungo, yaani mahali ambapo metali mbili zinagusana ili umeme upite: kishikio cha betri, skrubu ya ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi), mguu wa fyuzi, pini iliyo ndani ya soketi, lehemu iliyo ndani ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), au nyuzi za waya zilizokatika ndani ya ganda ambalo kwa nje halina hata mkwaruzo. Kifaa kilichoungua kwa kawaida hubaki kimeungua, lakini kiungo kilicholegea kinaweza kushika asubuhi na kuachia mchana. Vipo vifaa vichache visivyofuata kanuni hii, hasa vile vinavyoshindwa vikipata joto, navyo nitavitaja mahali pake. Hata hivyo, anayeanza utafutaji kwa kununua vipuri ameanzia upande wenye gharama kubwa na matumaini madogo.

Maswali yanayotangulia vipimo

Kabla ya kufungua boneti, mwulize dereva, au ujiulize mwenyewe kama gari ni lako, hitilafu inatokea katika hali gani. Hali zenye maana ni nne: joto, maji, mtikisiko na mzigo. Hitilafu inayojitokeza baada ya injini kupata moto na kutoweka ikipoa inaelekeza kwenye lehemu iliyopasuka, kihisi, koili inayozalisha umeme wa cheche au moduli ya kuwashia, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoiamuru koili hiyo. Inayotokea wakati wa mvua au baada ya kuosha injini inaelekeza kwenye nyaya za plagi, kifuniko cha distribyuta (kigawa cheche kwa plagi) na soketi zilizo chini ya gari. Inayotokea kwenye matuta au unapofunga mlango kwa nguvu ni ya waya uliokatika au pini iliyolegea. Inayotokea pale tu taa kubwa, feni na waipa vinapofanya kazi kwa pamoja ni dalili ya ukinzani mkubwa kwenye njia kuu ya umeme au kwenye ethi.

Swali la pili lina uzito kuliko hilo la kwanza: ni vitu gani vilikufa kwa wakati mmoja? Indiketa zikikatika pamoja na geji ya mafuta na taa za kurudi nyuma, haiwezekani kwamba vitu hivyo vitatu vimeharibika kwa pamoja. Kuna mahali vinapokutana, nako ni kwenye fyuzi moja, ethi moja au mguu mmoja wa swichi ya ufunguo. Tafuta mchoro wa nyaya wa modeli na mwaka huohuo wa gari, weka kidole juu ya kila kitu kilichokufa, kisha fuata mistari kurudi nyuma mpaka ikutane. Vilevile ondoa kila kitu ambacho kilibaki hai, kwa kuwa njia inayokilisha ni nzima. Kazi hii ya mezani mara nyingi hupunguza eneo la kutafuta kutoka gari zima hadi soketi mbili au tatu, nami naiona ina faida kuliko saa nyingi za kuvutavuta nyaya bila mpango.

Usiziamini rangi za nyaya kabla ya kujua gari lilitoka wapi. Katika magari mengi ya zamani ya Uingereza, waya wa kahawia ni wa umeme unaotoka moja kwa moja kwenye betri bila kupitia fyuzi, na mweusi ndio wa ethi. Katika magari ya Ujerumani, waya wa kahawia ndio wa ethi. Toyota nyingi hutumia mweupe wenye mstari mweusi kwa ajili ya ethi. Atakayechukua mazoea ya gari moja na kuyapeleka kwenye jingine anaweza kupiga shoti waya ambao hauna fyuzi yoyote ya kuukata. Kumbuka pia kwamba magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana ethi chanya, yaani bodi imeunganishwa kwenye upande chanya wa betri, na kwamba baadhi ya magari ya enzi hizo hutumia volti 6.

Kwa nini mita inaweza kukudanganya

Mita ya kidijitali hutumia umeme mdogo mno inapopima. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba, au pini iliyofunikwa na kutu ya kijani, bado utapitisha umeme wa kutosha kuifanya mita ionyeshe volti 12 kamili, nawe utaondoka ukiamini kwamba njia ni nzima. Tuchukue taa ya mbele ya wati 55, ambayo ikiwa imewaka ina ukinzani wa takriban omu 2.6. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 1 tu kikiwa njiani, zaidi ya volti 3 zitapotelea hapo, na taa itabaki na volti zisizofika 9. Ukiichomoa taa hiyo na kupima kwenye soketi yake tupu, mita itaonyesha volti 12, kwa sababu hakuna mkondo unaopita na kwa hiyo hakuna volti inayopotea.

Kwa hiyo kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa wakati kifaa kinafanya kazi. Badala ya kuuliza kama volti zipo, uliza ni kiasi gani kinapotea kati ya sehemu moja na nyingine. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine mwisho wa njia unayoichunguza, washa kifaa, kisha soma. Kiungo kimoja kilicho kizima hakipaswi kupoteza zaidi ya takriban volti 0.1, na upande mzima wa ethi wa saketi ya kawaida usizidi volti 0.2. Ukipata volti 1, sogeza ncha hatua kwa hatua kuelekea betri. Pale ambapo namba inashuka ghafla, hitilafu iko kati ya hatua hiyo na iliyotangulia. Gusa nguzo yenyewe ya betri, usiguse kishikio, maana kishikio nacho ni mshukiwa.

Pamoja na mita, tengeneza taa ya kupimia kwa balbu ya wati 21 na nyaya mbili. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75, mzigo ambao uzi mmoja wa shaba hauwezi kuuficha. Tahadhari ni mbili. Usiitumie taa hiyo kwenye nyaya za kompyuta ya injini wala za vihisi, kwa kuwa mkondo wake ni mkubwa kuliko zinavyostahimili. Na usiguse kwa chombo chochote cha kupimia nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo katika magari ya miaka ya 1990 na baadaye kwa kawaida zina soketi za njano.

Injini inazima yenyewe, kisha inawaka tena

Dakika yenye thamani ni ile ya kwanza, na wengi huipoteza kwa kuzungusha ufunguo mara kwa mara. Gari linapozima, likishafika mahali salama, acha ufunguo ulipo na utazame dashibodi.

Ikiwa dashibodi imekuwa giza tupu, bila taa ya betri wala ya oili, basi umeme haufiki kwenye swichi ya ufunguo, au swichi haiupitishi. Washa taa kubwa. Katika magari mengi ya zamani taa hizo hazipitii kwenye ufunguo, hivyo zikiwaka vizuri tuhuma inaangukia swichi ya ufunguo au waya unaoilisha. Zisipowaka, rudi kwenye vishikio vya betri, waya mkuu wa ethi na kipande cha waya wa fyuzi kilicho karibu na betri. Kipande hicho huyeyuka ndani huku ganda lake likibaki na sura yake. Ukikivuta taratibu kikarefuka kama mpira, hakina shaba tena.

Swichi ya ufunguo hustahili uchunguzi wa pekee, kwa sababu katika magari mengi ya zamani hubeba mkondo mkubwa wa injini, feni na waipa bila msaada wa rilei. Miguu yake huungua kidogo kidogo, soketi yake hubadilika rangi na kuwa ya kahawia, na plastiki hulainika. Injini ikinguruma taratibu, tikisa ufunguo kidogo juu, chini na pembeni bila kuuzungusha. Injini ikisita au taa za dashibodi zikimulika, umempata mhalifu. Fungu kubwa la funguo linaloning'inia kwenye swichi huongeza uchakavu, na kuliondoa kwa muda ni jaribio lisilogharimu chochote. Ukiibadilisha swichi na ukaacha feni, waipa na koili vikiendelea kuvuta umeme wote kupitia humo, mpya nayo itaungua. Kuongeza rilei ya kubeba mzigo huo ndiyo dawa.

Ikiwa baada ya injini kusimama taa za betri na oili zinawaka kama kawaida, swichi na njia kuu ni nzima, na swali linakuwa moja: kilichokosekana ni cheche au mafuta? Katika gari la petroli ambalo mita yake ya mizunguko huchukua ishara kutoka kwenye koili, sindano yake inaweza kutoa jibu kabla hujashuka garini. Gari likiwa bado linaserereka katika gia na magurudumu yanaizungusha injini, sindano ikianguka hadi sifuri kwa ghafla, koili haipati mapigo yake na hitilafu iko upande wa kuwashia. Ikiendelea kuonyesha mizunguko na kushuka polepole pamoja na mwendo wa gari, mapigo yapo, na upande wa mafuta ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Upande wa kuwashia una wahalifu wanaojulikana. Katika distribyuta ya pointi, yaani vigusio vinavyofunguka na kufunga ili kukata umeme wa koili, waya mfupi mlaini unaoingia ndani hujikunja kila mara bamba la pointi linapozungushwa na mvuto wa kabureta, na baada ya miaka mingi nyuzi zake hukatika ndani ya ganda. Dalili yake ni injini inayonguruma vizuri ikiwa imesimama na kusita unapokanyaga eksileta, au kinyume chake. Uvute waya huo taratibu na uone kama unanyooka kupita kiasi. Kondensa hushindwa ikipata joto. Katika distribyuta ya kielektroniki, moduli inayobanwa juu ya metali huhitaji dawa maalumu ya kupitisha joto chini yake, nayo hukauka kwa miaka. Moduli ikipata moto hukata cheche, na baada ya dakika 20 au 30 za kupoa hurudi. Kihisi cha krankishafti kina tabia hiyohiyo, kwa kuwa waya mwembamba wa koili yake ya ndani hutanuka kwa joto na kuachana mahali palipokatika. Hivi ndivyo vifaa vichache nilivyosema kwamba havifuati kanuni ya viungo, ingawa ukiviangalia kwa makini, ndani mwake mara nyingi ni kiungo kilekile kilichoachia.

Ili kupata ushahidi, beba plagi ya akiba. Injini ikizima, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye plagi ya akiba, uibane plagi hiyo kwenye metali ya injini kwa kibano chenye mpini wa plastiki, kisha mtu mwingine azungushe stata. Usiishike kwa mkono, kwani mifumo ya kielektroniki hutoa makumi ya maelfu ya volti, na usifanye jaribio hilo penye harufu ya petroli. Cheche zisipopatikana ilhali kuna volti kwenye upande chanya wa koili, ipoze moduli kwa kitambaa kilicholowekwa maji na kukamuliwa. Injini ikiwaka mara moja, ushahidi umepatikana. Nyumbani unaweza kufanya kinyume: gari likiwa baridi, pasha moto moduli, kihisi na koili kwa kikausha nywele, kimoja kimoja, mpaka injini izime.

Kuna dalili moja isiyochanganyikana na nyingine yoyote. Injini inashika wakati stata inazunguka, na inakufa mara tu unapoachia ufunguo. Magari mengi yenye pointi huwa na rezista inayopunguza volti za koili, na wakati wa kuwasha rezista hiyo hurukwa ili koili ipate nguvu zote. Rezista ikikatika, au mguu wa swichi unaoilisha ukiachia, koili hupata umeme wakati wa stata tu.

Upande wa mafuta, kwa magari ya miaka ya 1980 na 1990 yanayopulizia petroli kwa sindano badala ya kabureta, anza na rilei ya pampu. Mara nyingi imefungwa chini ya dashibodi, ambako gari likiegeshwa juani joto hupanda sana, na lehemu inayoshika pini zake kwenye bamba hupasuka kwa mduara mwembamba unaohitaji kioo cha kukuzia ili uonekane. Gari hukataa kuwaka mchana wa joto na kukubali jioni. Ukifungua ufunguo bila kuzungusha stata, pampu nyingi hunguruma kwa sekunde 1 hadi 3. Usiposikia mngurumo huo, gonga rilei kwa kidole. Kulehemu upya pini zote za bamba ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi ndiyo tiba kamili.

Hitilafu isipotokea mbele yako kamwe, tega mtego. Chukua balbu ndogo mbili za dashibodi, moja uiunganishe kwenye upande chanya wa koili na nyingine kwenye waya wa pampu ya mafuta, kila waya ukiwa na fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na mahali ulipouunganishia, kisha uzibandike balbu hizo mbele ya dereva. Gari likizima tena, atakayeendesha atakuambia ni ipi iliyozimika kwanza. Mita yenye uwezo wa kuhifadhi kipimo cha chini kabisa hufanya kazi hiyohiyo, ingawa balbu haina haja ya kusomwa na mtu anayepaswa kutazama barabara.

Magari yenye kompyuta huhifadhi misimbo ya hitilafu. Katika yale ya kabla ya OBD-II, mfumo sanifu wa gari kujichunguza hitilafu, uliokuwa lazima Marekani kuanzia modeli za 1996, misimbo mingi husomwa kwa kuhesabu mimuliko ya taa ya injini kwenye dashibodi. Isome, lakini uielewe vyema: msimbo unaotaja kihisi cha joto unasema kwamba kompyuta imepata ishara isiyo ya kawaida kutoka kwenye saketi ya kihisi hicho, ambayo ina nyaya mbili, soketi mbili na ethi yake. Kihisi chenyewe ni sehemu moja tu kati ya hizo.

Stata inagoma mara moja moja

Sikiliza sauti. Mlio wa haraka wa kugongagonga unamaanisha volti zinaanguka mno pindi stata inapoanza kuvuta: betri dhaifu, vishikio vichafu au ethi mbovu. Mlio mmoja mzito wa kugonga usiofuatwa na mzunguko unaelekeza kwenye solenoidi (swichi nzito ya umeme iliyo juu ya stata) ambayo vigusio vyake vimeliwa, au kwenye stata yenyewe. Kimya kabisa kinarudisha swali kwenye swichi ya ufunguo, waya mwembamba wa solenoidi na, kwa gari la otomatiki, swichi ya kuzuia kuwasha likiwa kwenye gia.

Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 imepungua, na 12.0 inakaribia kuisha. Kisha chomoa waya wa koili ili injini isiwake, zungusha stata, na usome volti kati ya nguzo za betri. Zisishuke chini ya takriban 9.6. Zikibaki juu huku stata ikizunguka kwa uzito, betri haina kosa, na kinachopotea kinapotea njiani. Weka ncha moja kwenye nguzo hasi na nyingine kwenye metali tupu ya injini, zungusha tena. Zaidi ya volti 0.5 ni kosa lisilo na ubishi.

Ukanda wa ethi kati ya injini na bodi husahaulika sana, hasa baada ya injini au gia boksi kuteremshwa na kurudishwa. Usipokuwepo, au ukiwa umeoza, mkondo wa stata hutafuta njia nyingine, nao hupita kwenye kebo ya eksileta, kebo ya choki au ya spidomita. Kebo inayopata moto wakati wa kuwasha, au inayokatika mara kwa mara bila sababu, ni ushahidi wa jambo hilo. Ili kuthibitisha, unganisha kebo nene ya kuwashia kati ya nguzo hasi na injini. Stata ikipata nguvu ghafla, utafutaji umekwisha.

Taa zinazofifia na geji zinazopotoka

Ukikanyaga breki na taa ya indiketa ya upande mmoja ikawaka kwa unyonge, au ukiwasha indiketa na taa ndogo ikapepesa pamoja nayo, tatizo ni ethi ya kikundi hicho cha taa. Umeme uliokosa njia ya kurudi hurudi kupitia balbu nyingine. Fungua skrubu ya ethi, kwangua rangi na kutu mpaka metali ing'ae, weka washa yenye meno, funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu yake.

Geji ya mafuta na ya joto zikipanda pamoja kupita kiasi, usiende kununua kihisi cha joto. Magari mengi ya zamani yana kidhibiti kidogo cha volti nyuma ya dashibodi, katika mengi ya Uingereza kikitoa wastani wa volti 10, ambacho hufanya kazi kwa kukata na kurudisha umeme. Kikikwama, au kikipoteza ethi yake, geji zote kinazozilisha hudanganya kwa mwelekeo mmoja.

Nyaya zinazopita kwenye bawaba za milango na za buti hukatika ndani ya ganda kwa sababu ya kukunjwa maelfu ya mara. Fungua mpira unaozifunika na uvute kila waya peke yake. Taa kubwa zinazozima na kurudi kwa vipindi vinavyolingana zina maelezo tofauti: baadhi ya magari, hasa ya Marekani, yana kikata umeme cha joto ndani ya swichi ya taa, nacho hukata mzigo unapozidi na kurudi kikipoa. Hapo swichi inajilinda, na la kutafuta ni shoti au balbu zenye wati nyingi kuliko zilizokusudiwa.

Fyuzi inayoungua bila mpangilio

Kuweka fyuzi ya ampea kubwa zaidi ni kuhamisha mahali pa kuungulia kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye waya, na gari zima linaweza kuteketea. Badala yake, toa fyuzi na uweke balbu ya wati 21 mahali pake, kisha zima au chomoa vifaa vyote vya saketi hiyo. Shoti ikiwepo, balbu itawaka kwa nguvu zote na haitaunguza chochote. Sasa tembea na fungu la nyaya, ukilikunja na kulisukuma sehemu baada ya sehemu, hasa linapopita kwenye matundu ya metali, chini ya zulia na karibu na bomba la moshi. Pale balbu inapozima au kuwaka kwa kufuata mkono wako, ndipo waya umechubuka. Mwombe mtu mwingine aitazame balbu, kwa kuwa macho yako yatakuwa chini ya gari.

Fyuzi nazo huweza kuwa chanzo. Zile za kauri zenye ncha zilizochongoka, zilizotumiwa sana katika magari ya Ulaya, hupata kutu kwenye ncha na huponyeka kwa muda ukizizungusha kwa kidole. Zile za kioo huweza kukatika ndani ya kofia ya metali, mahali ambapo jicho halifiki. Pima pande zote mbili za fyuzi ikiwa mahali pake na mzigo umewashwa.

Betri inayoisha na taa ya kuchaji inayomulika

Injini ikizunguka, volti kwenye betri ziwe kati ya takriban 13.8 na 14.5. Taa ya kuchaji inayomulika kwenye matuta ni ya brashi za alteneta zilizoisha au soketi iliyolegea nyuma yake. Inayowaka wakati wa mvua tu, pamoja na mlio mkali, ni ya mkanda unaoteleza. Katika alteneta nyingi za zamani balbu ya taa hiyo ndiyo inayopeleka umeme wa kuanzisha uchaji, hivyo balbu ikiungua alteneta inaweza kuchelewa kuamka au isiamke kabisa. Usichomoe betri injini ikiwa inafanya kazi ili kupima alteneta, kwa maana volti zinazoruka wakati huo huua diodi na kompyuta.

Betri ikiisha baadhi ya usiku tu, unganisha mita ya ampea kati ya nguzo hasi na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Gari lisilo na kompyuta na lenye saa pekee halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea chache, na hata lenye kompyuta lishuke chini ya takriban 50. Toa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Hitilafu ikiwa ya vipindi, acha mita usiku kucha na utazame kipimo cha juu kilichohifadhiwa; rilei iliyonata na taa ya buti isiyozima ndizo za kushukiwa kwanza.

Kutengeneza na kuthibitisha

Waya uliokatika uunganishwe kwa kibano cha shaba kinachobanwa kwa koleo lake, kisha ufunikwe kwa mpira unaojikaza kwa joto. Lehemu ya risasi inafaa kwenye bamba la rilei, lakini juu ya waya unaotikisika huacha sehemu ngumu, na waya hukatika tena pembeni mwake usipofungwa usitikisike. Vibano vinavyotoboa ganda la waya bila kulimenya, vilivyopendwa sana na wafungaji wa redio na kengele za wizi, huingiza maji kwenye shaba. Kila nionapo kimoja hukitoa hata kama hakijaleta shida. Ikiwa shaba imegeuka nyeusi au kijani, kata nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa, kwa sababu kutu hutambaa chini ya ganda.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Aliyesafisha ethi, akabadilisha koili na kuweka rilei mpya mchana mmoja hatajua kilicholiponya gari, na gari likizima tena hana pa kuanzia. Baada ya matengenezo rudisha hali ileile iliyokuwa ikileta hitilafu: gari likae juani, au limwagiwe maji, au lipite barabara ileile yenye matuta taa zote zikiwa zimewashwa, na balbu za mtego ziendelee kuwepo mbele ya dereva hadi hali hiyo ijirudie mara kadhaa bila injini kusita. Kisha zitoe pamoja na nyaya zake zote, maana waya wa kupimia uliosahaulika chini ya dashibodi ni shoti ya mwaka ujao, na uandike juu ya mchoro wa nyaya mahali ulipokata, rangi ya waya na tarehe.